Kutoka mbao za Suffolk hadi mawe ya Shropshire: siku sita na kamera vijijini Uingereza

Simulizi hii imeandikwa baada ya kurudi, kwa kufuata daftari la safari na saa zilizohifadhiwa ndani ya faili za picha. Safari ilikuwa ya wiki ya tatu ya Mei, Jumatatu hadi Jumamosi: watu wawili, gari dogo la kukodi, kamera mbili, na stendi moja ya miguu mitatu. Wiki ya mwisho ya Mei tuliiepuka kwa makusudi, kwani Jumatatu yake ni sikukuu na shule hufungwa. Vyumba hujaa na bei hupanda.

Njia ilichorwa kwa kufuata ardhi, wala si umaarufu wa vijiji. Kabla ya mifereji na reli, jiwe zito halikusafirishwa mbali bila gharama kubwa, kwa hiyo mwanakijiji alijenga kwa kilichokuwa chini ya miguu yake. Suffolk haina jiwe la maana la kujengea zaidi ya gumegume, ndiyo maana nyumba zake ni za mwaloni, fito na udongo. Milima ya Cotswolds ni jiwe la chokaa tupu. Herefordshire ina udongo mwekundu, jiwe jekundu la mchanga, na misitu ya mwaloni. Kila kimoja kati ya hivi kinataka mwanga wake, na picha nyingi za majengo haya huharibika kwa sababu mpiga picha amefika na mwanga wa jengo jingine.

Jumatatu: Stansted, Thaxted, Lavenham

Gari tulilichukulia uwanja wa ndege wa Stansted badala ya London. Stansted iko Essex, mlangoni kabisa mwa vijiji vya mbao, na unaepuka tozo za kuingiza gari katikati ya jiji. Kwa siku sita, pamoja na bima ya ziada, ilikuwa pauni 238. Foleni ya kaunta ilikula saa moja na nusu, na hiyo ndiyo sababu ya kufika Thaxted jua likiwa juu.

Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nchi yake hadi miezi 12. Magari hupita kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi ajipe muda wa mazoezi kwenye barabara tulivu kabla ya kukutana na kipilefti chake cha kwanza. Vibao vya mwendo ni vya maili: 30 kijijini ni kama kilomita 48 kwa saa. Kibao cheupe chenye mstari mweusi wa mshazari maana yake ni maili 60 kwenye barabara ya njia mbili, yaani ile isiyotenganishwa katikati, lakini kwenye vichochoro vya mashambani hakuna mtu mwenye akili timamu anayefika huko.

Thaxted ina jumba la chama (guildhall, ukumbi wa chama cha kale cha wenyeji) la karne ya 15, ghorofa mbili za mbao juu ya sakafu ya chini iliyo wazi kwa soko. Kila ghorofa imechomoza mbele kuliko ile iliyo chini yake, na hapo ndipo shida ya saa saba mchana inapoanza. Jua likiwa juu, mchomozo wa ghorofa humwaga kivuli kizito sakafu ya chini, na kamera haiwezi kubeba lipu nyeupe inayowaka juu na giza lililo chini katika fremu moja. Tulipiga fremu tatu za kumbukumbu tukaondoka. Majengo ya namna hii yanataka wingu jembamba, au jua la chini la asubuhi na jioni.

Kumbuka pia kwamba jua la huku halifanani na la Ikweta. Mwezi Mei, kwenye latitudo ya 52, halipandi zaidi ya nyuzi 60 hivi hata adhuhuri, na linazama taratibu kwa mshazari. Mwanga wa dhahabu ambao Mombasa au Dar es Salaam unakupa dakika chache tu, hapa unakaa zaidi ya saa nzima. Wiki hiyo jua lilichomoza kama saa kumi na moja kasorobo alfajiri na kuzama karibu saa tatu usiku. Ratiba yetu yote ilijengwa juu ya saa hizo mbili: kupiga picha asubuhi na jioni, kuendesha na kula mchana.

Lavenham tulifika saa kumi jioni. Chumba cha watu wawili na kifungua kinywa kilikuwa pauni 96. Samaki na chipsi kwenye baa ya kijijini vilikuwa pauni 15 kwa sahani. Asiyekula nguruwe aulize kwanza mafuta ya kukaangia. Mara nyingi kikaango ni kimoja kwa vyote, na wahudumu hujibu bila kukasirika.

Jumanne: Lavenham alfajiri, kisha barabara ndefu

Lavenham ulikuwa mji wa sufi. Nguo zake za buluu ziliuzwa mbali, na mwanzoni mwa karne ya 16 ulikuwa miongoni mwa miji tajiri zaidi ya Uingereza. Biashara ilipoanguka, pesa za kubomoa na kujenga upya hazikuwepo, na nyumba za karne ya 15 na 16 zikabaki kama zilivyo. Jumba la chama la Corpus Christi, lililojengwa yapata mwaka 1530, linasimama kwenye uwanja wa soko na sasa ni mali ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo na ardhi ya kale.

Saa kumi na moja alfajiri uwanja ulikuwa na magari matatu tu. Hili la magari ndilo adui mkubwa wa picha za Lavenham. Waya za umeme na simu zilifukiwa chini ya ardhi miaka mingi iliyopita, kwa hiyo anga ni safi, lakini ikifika saa mbili asubuhi kila ukuta una boneti mbele yake. Mzee mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa alitutazama tukihangaika kuficha gari jekundu nyuma ya nguzo, akacheka, akatoa ufunguo mfukoni na kulisogeza. Lilikuwa lake. Alirudi baada ya nusu saa kuuliza kama tumemaliza.

Sasa jambo la mistari iliyonyooka. Ukiinua kamera juu ili kilele kiingie, jengo linaonekana linaanguka nyuma. Kwa jengo la kawaida unalinyoosha kwenye programu kwa kufuata kona za kuta, lakini Lavenham hakuna kona iliyonyooka. Mwaloni ulijengewa ungali mbichi, ukakauka ukiwa ukutani, ukajipinda na kuivuta nyumba nzima. Ukinyoosha kwa kufuata nguzo ya nyumba unaiongopea nyumba, na nguzo ya jirani inapinda kuelekea kusikokuwa kwake. Njia salama ni kuisawazisha kamera yenyewe kwa kipimo cha usawa kilicho ndani yake, pembe zote mbili, kisha kurudi nyuma badala ya kuinua lenzi. Ukilazimika kusahihisha baadaye, tafuta bomba la maji ya mvua au nguzo ya taa kwenye fremu uifuate hiyo.

Hesabu ya kurudi nyuma ni rahisi. Mnara wa kanisa la Lavenham una urefu wa mita 43. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, ikiwa imesimama wima na imesawazishwa, unahitaji kuwa mita 55 kutoka kwenye mnara ili kilele kiingie. Nusu ya chini ya picha itakuwa nyasi na makaburi, nawe utaikata. Mwenye lenzi ya shifti, ambayo vioo vyake husogezwa juu bila kuinua kamera, ikisogea milimita 12 anaweza kusimama mita 33. Kama nyuma yako kuna ukuta na huwezi kurudi, piga fremu mbili zilizosawazishwa, moja chini na moja ukiwa umepanda juu ya kitu imara, au kubali kupiga sehemu ya jengo. Sehemu moja iliyopigwa vizuri ina thamani kuliko mnara uliolala chali.

Mnara huo umejengwa kwa gumegume lililopasuliwa, na uso wa kila jiwe unang'aa kama kioo cheusi. Jua likiupiga kutoka mbele, kila jiwe hurudisha nukta nyeupe iliyoungua, na ukuta unaonekana kama umenyunyiziwa chumvi. Subiri wingu, au mwanga wa ubavuni unaoparuza ukuta. Tulifanikiwa saa moja kasorobo asubuhi.

Rangi za lipu hapa ni za krimu, waridi na manjano ya udongo, na mbao zimeachwa na rangi ya kijivu ya fedha au zimepakwa chokaa pamoja na ukuta. Weka mizani ya rangi kwenye mwanga wa mchana, kelvini 5,200 hivi, usiache kamera ijiamulie. Ikijiamulia, waridi la Suffolk hugeuka kuwa kijivu kilichopauka.

Saa nne tulianza safari ya zaidi ya kilomita 200 kuelekea magharibi kupitia Cambridge na Oxford. Foleni za barabara kuu hazina la kusimulia.

Jioni, saa kumi na mbili, tulifika ghala la Great Coxwell karibu na Faringdon. Hapa lazima niseme wazi: ukipata siku moja tu ya kupiga picha vijijini Uingereza, nenda hapa. Ni ghala la nafaka la watawa wa kiume wa shirika la Citeaux, wa abasia (nyumba ya watawa) ya Beaulieu, la mwishoni mwa karne ya 13, lenye urefu wa mita 46. Nje ni ukuta wa jiwe la chokaa na paa kubwa la vigae vya mawe. Ndani kuna safu mbili za nguzo za mwaloni, kila moja imesimama juu ya kikalio cha jiwe kinachompita mtu kimo, na juu yake mbao zimepokezana hadi kwenye mgongo wa paa. Kule Lamu na Unguja upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Hapa safu hizo mbili za nguzo ndizo zilizomwezesha fundi kupanua ghala kupita urefu wa mti wowote.

Kikalio cha jiwe kina kazi yake. Mwaloni uliosimama ardhini hunyonya unyevu na kuoza kuanzia chini. Ukiinuliwa, unakaa mkavu. Inama upige mahali mti unapokutana na jiwe. Alama za shoka bado ziko, na mtu aliyezoea kazi ya useremala atatambua mkono ulikatia upande gani.

Ndani ni giza, na mwanga huingia kwa milango na vitundu vya hewa ukutani. Tofauti ya mwanga inazidi uwezo wa fremu moja. Tulitumia f/8, ISO 100, fremu tano zinazopishana stopu moja moja (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), ya kati ikiwa sekunde 4. Yaliyoharibika: fremu mbili za kwanza zilitikisika kwa sababu sakafu ni ya udongo na mguu mmoja wa stendi ulizama kidogo sekunde ya tatu. Weka kipande cha ubao bapa chini ya kila mguu, tumia kichelewesho cha sekunde 2, na usisogee wakati shata iko wazi. Hakuna mlinzi, kuna kisanduku cha mchango mlangoni. Tuliweka pauni 5.

Jumatano: Bibury, Lacock

Bibury tulifika saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuondoka saa moja na nusu. Huo ndio ushauri wote kuhusu Bibury. Arlington Row, safu ya vijumba iliyoanza kama ghala la sufi la watawa mwaka 1380 na kugeuzwa makazi ya wafumaji katika karne ya 17, hupigwa picha na maelfu ya watu, na mabasi ya watalii huanza kufika asubuhi. Kumbuka kuwa ndani wanaishi watu. Usiegemee uzio, usipige kupitia dirishani, na usizungumze kwa sauti alfajiri.

Kitu ambacho wengi hawakitazami ni paa. Vigae ni vipande vya jiwe: vikubwa huwekwa chini kwenye ukingo, kisha vinapungua safu kwa safu hadi vidogo kabisa kwenye mgongo. Hivyo uzito mkubwa unakaa juu ya ukuta, na maji, ambayo huwa mengi zaidi ukingoni, yanakutana na maungio machache. Tumia lenzi ndefu, milimita 135 hadi 200, ukate kila kitu isipokuwa paa, na upungufu huo wa saizi utaonekana wazi. Sogea pia karibu na ukuta wa barabarani. Jiwe la Cotswolds lina chembe za duara ndogo kama mayai ya samaki, na lenzi ya karibu inazionyesha moja moja.

Chai na mkate wa siagi kwenye mkahawa wa barabarani, pauni 11 kwa wawili. Kisha Lacock, Wiltshire.

Kwa mpiga picha, Lacock si kijiji cha kawaida. Abasia yake ilianzishwa mwaka 1232 na Ela, mwanamke kabaila mwenye cheo cha Countess of Salisbury, ikawa ya masista hadi Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za kitawa, kisha ikawa jumba la familia. Mwaka 1835, mwezi Agosti, mwenye jumba hilo, William Henry Fox Talbot, alichukua kikamera kidogo cha mbao chenye karatasi iliyopakwa chumvi na nitrati ya fedha, akakielekeza kwenye dirisha moja lililochomoza ukutani. Kile kikaratasi ndiyo negativu (picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana) ya kamera kongwe zaidi inayojulikana kubaki duniani. Talbot mwenyewe aliandika kwamba ilipokuwa mpya vioo vya dirisha, kama 200 kwa idadi, viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lenzi.

Dirisha lipo pale pale. Ni dogo kuliko mtu anavyotarajia, limegawanywa kwa miraba midogo ya vioo kwenye risasi, na nje kunaonekana nyasi na miti. Talbot alilipiga kutoka ndani, likiwa dhidi ya mwanga, kwa sababu karatasi yake ilikuwa nzito kupokea mwanga na dirisha ndilo kitu chenye mwanga mwingi kuliko vyote chumbani. Mpiga picha wa leo anakutana na tatizo hilo hilo likiwa limegeuzwa: dirisha linaungua na chumba kinazama. Stendi na flashi haziruhusiwi ndani bila kibali. Tulipima mwanga kwenye vioo vyenyewe, tukaongeza stopu moja na theluthi, tukaegemeza kamera kwenye fremu ya mlango kwa ISO 800 na sehemu ya 1/60 ya sekunde, na kuacha chumba kiwe giza. Mama mmoja wa kujitolea anayelinda chumba hicho alituambia tusubiri dakika ishirini hadi kundi litoke kwenda kula, akasogeza kiti chake ili kisiingie kwenye fremu.

Kijiji nacho kilitolewa kwa National Trust mwaka 1944 na Matilda Talbot. Ndani ya mitaa minne una jiwe, matofali na mbao bega kwa bega. Mtaa wa kanisani kuna nyumba inayoonyesha ubavuni jozi ya magogo yaliyopinda, yaliyoinuliwa kutoka chini hadi kukutana kileleni, yakibeba paa lote. Fundi alitafuta mti uliopinda tangu msituni, akaupasua katikati, na nusu mbili zikalingana kama viganja. Piga kutoka mbele kabisa, katikati, na kamera iwe sawa, la sivyo ulinganifu wa jozi hiyo unapotea.

Neno kuhusu ruhusa. Kupiga picha jengo ukiwa barabara ya umma ni halali Uingereza, na huhitaji kibali cha mwenye jengo. Ukiingia kwenye mali ya National Trust au English Heritage, shirika jingine la kutunza majengo ya kale, picha za matumizi binafsi zinakubalika, za biashara zinahitaji kibali. Droni haziruhusiwi kurushwa kwenye ardhi ya National Trust. Mgeni anayepanga kuingia majengo mengi ya English Heritage anunue pasi yake ya wageni ya siku 9 au 16, maana majengo matatu au manne tu yanairudisha pesa.

Alhamisi: mvua, Bradford-on-Avon

Mvua ilianza usiku na haikukoma hadi alasiri. Siku ya mvua ni siku ya ndani, na Bradford-on-Avon, kilomita 15 tu kutoka Lacock, ina majengo mawili yanayostahili siku nzima, yote mawili bila kiingilio.

La kwanza ni kanisa la Mtakatifu Laurence, la enzi za Wasaksoni, waliotawala Uingereza kabla ya mwaka 1066. Kwa karne nyingi lilisahaulika. Lilitumika kama shule na makazi, majengo mengine yakalifunika, hadi mwaka 1856 kasisi wa mji, William Jones, alipolitambua. Ni jembamba na refu kwenda juu, na juu ya tao la madhabahu kuna malaika wawili waliochongwa wakiruka. Lenzi pana inaukuza upana na kuua hisia ya wembamba, ambayo ndiyo roho ya mahali hapo. Tulitumia milimita 35, wima, tukiwa tumebana mgongo kwenye ukuta wa magharibi. Mama aliyekuwa anapanga maua alikubali stendi, akatuzimia taa za umeme bila kuombwa mara mbili. Taa hizo hutia umanjano kwenye jiwe huku dirishani kukiwa na ubuluu, na mchanganyiko huo haurekebishiki vizuri baadaye. Omba kila mara zizimwe.

La pili ni ghala la zaka lililokuwa la abasia ya Shaftesbury, la karne ya 14, lenye urefu wa mita 51. Ukilinganisha na Great Coxwell utaona njia mbili za kutatua tatizo moja: hapa hakuna nguzo katikati. Mbao zilizopinda zinatoka kwenye kuta zenyewe na kulibeba paa la mawe, na sakafu imebaki tupu kutoka mwisho hadi mwisho. Mtu akisimama mbali ndani ya ghala ndipo ukubwa unaeleweka, hivyo mmoja wetu alisimama mita 30 kutoka kwenye kamera.

Ushauri wa mvua: kifuniko cha lenzi kiwe kimewekwa muda wote usiopiga, taulo moja ndogo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na ukitoka kwenye baridi kuingia mkahawani acha kamera ndani ya begi dakika ishirini, vinginevyo kioo kinajaa ukungu kwa ndani. Asiye na stendi anunue dukani mfuko wa maharage makavu wa gramu 500, auweke juu ya benchi la kanisa na kulaza kamera juu yake. Unagharimu chini ya pauni 2 na unashikilia sekunde nzima bila kutikisika.

Jioni tulivuka daraja la Severn. Tozo yake ilifutwa mwaka 2018. Tulilala karibu na Hereford, chumba pauni 82.

Ijumaa: Kilpeck, tairi, Pembridge

Kabla ya Kilpeck, chukua dira. Makanisa ya kale ya Uingereza hulala mashariki na magharibi, madhabahu yakiwa mashariki. Ni kama msikiti unavyojengwa kwa kibla: ukishajua mwelekeo mmoja umejua yote. Ukuta wa kusini hupata jua la mchana, uso wa magharibi hupata la alasiri. Ukuta wa kaskazini, ambao watu husema hauna jua kamwe, mwezi Mei na Juni huparuzwa na jua tangu linapochomoza hadi karibu saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Kanisa la Kilpeck, la yapata mwaka 1140, ni dogo, la jiwe jekundu la mchanga, na mlango wake wa kusini umejaa michongo: joka, ndege, wapiganaji wembamba waliozongwa na mizabibu, na mti wa uzima juu ya mlango. Jua likiwa kusini kamili michongo inalala, inakuwa doa jekundu tu. Saa nne asubuhi jua liko upande wa mashariki ya kusini, linaupiga mlango kwa mshazari mkali, na kila ukano wa mzabibu unapata kivuli chake. Una kama dakika arobaini. Mwanga huo unarudi kutoka upande wa pili kama saa kumi alasiri.

Chini ya ukingo wa paa, kuzunguka kanisa lote, kuna vichwa zaidi ya themanini vilivyochongwa: mbwa na sungura walioshikamana, kondoo, nyuso za ajabu. Hivi havipendi jua, kwa sababu ukingo wa paa unavikatia kivuli katikati. Wingu linatosha. Tumia milimita 200, simama mita 8 hadi 10, f/8, na upige vyote kwa mfuatano kutoka kona moja ili baadaye ujue kipi kinafuata kipi.

Baada ya Kilpeck, kwenye kichochoro cha kwenda Weobley, tairi la kushoto lilichanwa na jiwe lililofichwa kwenye majani ya ukingo. Gari halikuwa na tairi la akiba. Lilikuwa na chupa ya povu na pampu tu, na povu haliwezi kuziba mchano wa ubavuni. Mfugaji wa kondoo aliyepita na trekta alitupigia simu kwa fundi anayemjua, akatuletea chai kwenye chupa, akakaa nasi hadi fundi alipofika. Tairi jipya na kazi vilikuwa pauni 104, na saa tatu zilipotea. Atakayekuja aulize kaunta kabla ya kusaini: tairi la akiba lipo au halipo, na je, bima inagusa matairi? Ya kwetu haikugusa.

Weobley tuliipita. Pembridge tulifika saa kumi na moja jioni. Hapa nyumba ni nyeusi na nyeupe, ingawa weusi huo kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Zamani mbao nyingi ziliachwa kijivu. Weupe wa kuta hukidanganya kipima mwanga cha kamera kikatia giza picha nzima, kwa hiyo ongeza theluthi mbili za stopu kisha utazame histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) isigonge kulia. Kando ya kanisa umesimama mnara wa kengele uliojitenga, chini una pembe nane za jiwe, juu paa tatu zinazopungua. Ingia ndani: nguzo nne kubwa za mwaloni zimeinuka zikiegemeana kuelekea juu, na mbao za mshazari zinazopishana zimezishikilia dhidi ya mtikisiko wa kengele. Piga ukiwa umelala sakafuni, lenzi ikitazama juu wima kabisa. Hapa ndipo pekee safari nzima ambapo kuinua kamera ni sahihi.

Jumamosi: Stokesay

Kilomita 40 kaskazini, Shropshire, kando ya barabara ya A49. Stokesay huitwa kasri, lakini ni jumba la mfanyabiashara lililovaa ngome. Lawrence wa Ludlow, mmoja wa wauza sufi wakubwa wa wakati wake, alilinunua eneo mwaka 1281, na mwaka 1291 mfalme akampa kibali cha kuweka ngome.

Lango ni la karne ya 17, la mbao na lipu ya manjano ya udongo, lenye Adamu na Hawa waliochongwa. Uso wake wa nje unatazama mashariki, kwa hiyo tulikuwa barabarani nje ya lango tangu saa moja asubuhi, kabla ya kufunguliwa, na jua likaujaza wote. Mtu anayefika saa tano anaupata ukiwa umeanza kuingia kivulini, na anaondoka akidhani ni rangi iliyochakaa.

Ndani ya ukumbi mkubwa hakuna fanicha. Kuna madirisha marefu yenye mbao za kufungia, jiko la katikati ya sakafu lililoacha alama yake, na ngazi ya mbao ukutani ambayo daraja zake ni vipande vizima vya mti. Ngazi hiyo ilitushika saa nzima. Mwanga wa dirisha huingia kutoka kushoto na kila daraja linaonyesha shimo lililolika kwa miguu katikati yake, jeusi na laini kama mpini wa jembe la zamani. Milimita 50, f/5.6, ISO 400, 1/30, kiwiko kimeegemezwa ukutani.

Jumba hufungwa jioni mapema, mwanga ukiwa bado mchungu. Usiondoke. Zunguka nje ya ukuta hadi upande wa kidimbwi, magharibi, usubiri. Saa mbili usiku jua lilishuka chini ya wingu, jiwe likageuka rangi ya mkate uliookwa, na ghorofa ya mbao juu ya mnara wa kaskazini ikajitokeza kila ubao. Tulipiga fremu 31, f/9, sekunde 1/40 mwanzoni, hadi 1/4 mwishoni. Mafuta ya safari nzima yalifika lita 47, pauni 65.

Lawrence hakuishi humo muda mrefu. Mwaka 1294 alizama na meli iliyokuwa imebeba sufi, na alizama nje ya pwani ya Suffolk.